Darinka Kuzma na Mikutano ya Ua wa Mto Kolpa

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika Halmashauri yetu ya Podlipa, Bi. Darinka Kuzma, Mratibu wa Mikutano ya Vijiji, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2024. Kamati ya jarida imeniomba mimi niandike, kwa kuwa nimekuwa dereva wa ofisi karibu muda wote huo na nimempeleka kwenye mikutano mingi kuliko mtu mwingine yeyote. Nimekubali kwa furaha, ingawa yeye mwenyewe aliposikia alisema, "Rajko, usinipambe. Andika yaliyotokea." Basi nitaandika yaliyotokea.

Darinka alizaliwa Bukovac, ng'ambo ya mto, siku ambazo ng'ambo ya mto ilikuwa mahali pa kwenda kuogelea tu. Aliolewa upande huu na Jure Kuzma, fundi wa kinu cha mbao na mpiga kodiani wa kila harusi. Julai 1988 aliajiriwa hapa kama mpiga chapa. Nchi ilikuwa moja, mto ulikuwa wetu sote, na ofisi yetu ilikuwa na simu moja tu, iliyokaa mezani kwa mwenyekiti kana kwamba ni picha takatifu. Miaka mitatu baadaye, Darinka akiwa kwenye taipureta ileile, nchi ziligeuka mbili. Mama yake akaamka siku moja yuko nchi nyingine bila kuhama jikoni kwake.

Alihamishiwa mikutano ya vijiji kwa bahati tu, mratibu wa wakati ule alipougua mgongo. Mkutano wake wa kwanza ulihusu barabara ya kisimani. Wazee wawili walikuwa wamegombana juu ya barabara hiyo mpaka wake zao wakaacha kukaa benchi moja kanisani. Darinka, hata miaka thelathini alikuwa hajafikisha, alisimama akasema kuwa kuanzia siku ile, anayetaka kumjibu mwenzake lazima kwanza arudie alichosema mwenzake, tena mwenzake akubali kuwa amerudiwa sawasawa. Wazee wale wakarudia, wakarekebishana, wakarudia tena. Ikabainika kuwa wote wawili walikuwa wanataka barabara ipite palepale. Walikasirika kuliko mwanzo. Lakini barabara ilijengwa, nasi tunaipita mpaka leo.

Kanuni hiyo ndiyo aliyoiendeshea mikutano yake yote. Pamoja nayo, kulikuwa na pogača, mkate wetu bapa wa chumvi na kisibiti, aliouoka mwenyewe kila siku ya mkutano. Aliuweka juu ya meza ndogo katikati ya ukumbi, kamwe si mlangoni, ili wanaonuniana walazimike kukutana pale. "Mtu mwenye njaa hupiga kelele," alituambia, "na aliyejaza mkate mdomoni hawezi." Kwa njia hiyo alitatua suala la maji taka, la mnara wa simu na la nguruwe wa bwana fulani ambaye bado ni msomaji wa jarida hili, kwa hiyo nitaishia hapo.

Hivyo Novemba 2015 malori ya jeshi yalipoteremka bondeni kwetu na kuanza kutandaza misokoto ya waya wa wembe ukingoni mwa Kolpa, sote tulijua mkutano hauepukiki, na tulijua atauongoza nani.

Wasomaji wetu wanaukumbuka msimu ule. Watu wengi waliokimbia vita na shida walikuwa wanapita nchini kwetu kuelekea kaskazini, na serikali ikaamua kuweka ua mpakani. Asubuhi moja mtu aliyezoea kwenda mtoni kuteka maji ya bustani alikuta waya unaong'aa kati yake na maji. Ndani ya juma moja kijiji cha Lipovac, chenye nyumba chache kiasi kwamba kila mtu anamjua mbwa wa kila mtu kwa jina, kilikuwa kimegawanyika. Kwenye baa moja walikunywa wanaoutaka ua. Wasioutaka walianza kunywa nyumbani.

Ukumbi wa zimamoto ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ngazi ya gari. Wizara ilimtuma ofisa mmoja, mwanamke kijana mwenye ramani na sauti ya upole, aliyeeleza kwamba nchi imebeba jukumu la kulinda mpaka wa nje kwa niaba ya majirani zake wote, na kwamba ua ni wa muda. Alieleza vizuri. Tatizo ni kwamba kila mtu alikuwa amekuja na maelezo yake.

Wa kwanza kusimama alikuwa Anica Jakša, mwenye mitumbwi ya kukodisha pale kwenye maporomoko. Dada yake, Ljubica, ameolewa Bukovac, na nyumba zao zinatazamana kuvuka mto.

"Bibi ofisa, mimi nina swali moja," alisema Anica. "Ua huu unamzuia nani? Kwa sababu mpaka sasa sijamwona mgeni hata mmoja aliyezuiwa. Niliyezuiwa ni mimi. Dada yangu akipika supu naisikia harufu, ila nikitaka kuinywa lazima nizunguke mpaka darajani, saa nzima kwa gari. Na jana wawindaji wamemtoa paa kwenye waya, amejichana tumbo. Huyo paa alitokea Syria?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Ndipo akainuka Stane Matkovič, mkulima wa mizabibu na mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea. Stane ni mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa amekunja kofia mkononi kama anayeikamua maji. Darinka akamkumbusha arudie kwanza alichosema Anica.

"Amesema waya umemfungia yeye na dada yake, na umemchana paa tumbo," alisema Stane. "Sawa?"

"Sawa," alijibu Anica.

"Basi mimi nasema hivi. Mama yangu mnamjua. Pepca, miaka themanini na nne. Mwezi uliopita alfajiri ameingia jikoni kwake akakuta wanaume watano wamekaa karibu na jiko. Hawakumfanya kitu, nisiseme uongo. Walikula mkate, wakasema asante kwa kuinamisha kichwa, wakaondoka. Lakini tangu siku hiyo mama yangu halali peke yake. Anaweka kiti mlangoni. Mwanamke aliyepita vita vikubwa akiwa mtoto, leo anaweka kiti mlangoni! Nyinyi mnanieleza habari za supu."

Hapo hapakuwa na aliyecheka. Anica alirudia maneno ya Stane, na aliporudia lile la kiti sauti yake ilishuka. Nadhani mambo yangeendelea vizuri. Lakini mtu mmoja nyuma akatupa neno kuhusu wakulima wanaoogopa kivuli chao, Stane akaona kama ni yeye anayechekwa, akageuka kumtazama Darinka, akasema jambo ambalo kila aliyekuwepo anakumbuka alikuwa amekaa kiti gani liliposemwa.

"Na wewe unayetuongoza, ungesema nini kingine? Si wewe mwenyewe ni wa ng'ambo!"

Miaka ishirini na saba alikuwa ametuhudumia. Amewaandikia barua za mikopo wazazi wa nusu ya watu waliokuwa mle ukumbini. Nilimwona Jure akiinuka kule ukutani, na Darinka akimwonyesha kwa kiganja akae.

"Stane amesema," alianza, polepole, "kwamba mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto, na kwa hiyo siwezi kuongoza mkutano huu kwa haki. Nimekurudia sawasawa, Stane?"

Kanuni ilikuwa ileile kwa kila mtu, na mkutano haukuweza kusonga mpaka ajibu.

"Sawasawa," alisema hatimaye, akitazama kofia.

"Hiyo ni hoja, na hoja hupigiwa kura. Wanaotaka mtu mwingine aongoze, wainue mikono."

Mikono iliinuka michache, sikuihesabu wala sitaki kukumbuka ilikuwa ya nani. Mkono wa Stane haukuwamo. Darinka akashukuru, akamwita msemaji aliyefuata. Mkutano uliisha bila makubaliano yoyote juu ya ua, na ule mkate ulibaki karibu wote. Nilipomfikisha kwake alisema tu, "Kesho tuwahi, Rajko, kuna la taa za barabarani."

Kitu ambacho wengi hawakukijua wakati ule ni kwamba mama yake Darinka alikuwa bado hai kule Bukovac, peke yake, na magoti yake yalikuwa yamemshinda. Kabla ya waya, Darinka alivuka kwa mtumbwi kila jioni kumpikia. Baada ya waya, alikwenda kupitia darajani Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine mama yake alijikongoja mpaka ukingoni, akasimama upande wake, na Darinka akasimama upande huu, nyuma ya waya, wakazungumza kwa kupaza sauti juu ya maji. Kwa njia hiyo kijiji kizima kilijua Darinka anapika nini, Jure ana kikohozi cha aina gani, na jinsi mama mkwe anavyomwona Jure kuwa mvivu. Jure alisema hajawahi kusengenywa kwa sauti kubwa kiasi kile na nchi mbili kwa pamoja.

Mwishoni mwa Februari mvua ilinyesha mfululizo na Kolpa ikafurika. Darinka, pamoja na kazi yake ya kawaida, alikuwa katibu wa kamati ya maafa. Asubuhi, tukiwa bado tunakunywa kahawa, simu ililia. Alikuwa Stane.

"Njoo hapa chini kwenye malisho yangu," alisema. Alikuwa anapiga kelele kwa sababu ya mlio wa maji, sote tulimsikia. "Kuna watu kati ya mto na waya."

Nikampeleka. Tulipofika tuliona mwanamke mmoja kijana, amembeba mtoto wa kike mabegani, amesimama kwenye ukanda wa nyasi ambao nusu ulikuwa tayari chini ya maji. Walikuwa wamevuka usiku kabla mto haujapanda, wakakuta waya, na walipotaka kurudi mto ulikuwa umewafunga kwa nyuma. Geti la ua, ambalo zimamoto walipewa ufunguo wake, lilikuwa chini zaidi na limefunikwa lote na maji. Maji ya Kolpa mwezi wa Februari hayamwachii mtu muda wa kufikiri. Mwanamke yule alikuwa ameacha kuita. Alikuwa anatutazama tu.

Stane alikuwa na vijana wake wawili wa zimamoto na mkasi wa kukatia vyuma, lakini mkasi ulikuwa umelala kwenye nyasi.

"Nimewapigia polisi," alimwambia Darinka. "Wanasema tusiguse ua, wanakuja. Lakini barabara ya chini imefunikwa, watazungukia milimani. Meya hapokei simu."

"Meya yuko Ljubljana kwenye kikao. Kata, Stane."

"Huu ni ua wa serikali, Darinka."

"Najua ni wa nani. Mimi ni katibu wa kamati ya maafa na ninakuamuru ukate. Ukiulizwa, jina ni langu."

Stane alimtazama, kisha akamtazama yule mtoto. "Sitaki jina lako," alisema. "Nataka mtu anishikie huu waya usinirukie usoni."

Darinka akavua koti lake la ofisi, akalizungushia mikononi, akaushika waya. Mimi nikashika upande wa pili. Stane akakata. Waya wa wembe ukikatwa huruka kama nyoka, na msokoto wa pili ulimchana Stane kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Hakusimama. Alipopata nafasi ya kupenya aliingia majini mpaka kiunoni, akamchukua mtoto kutoka mabegani mwa mama yake, na mtoto yule, kwa hofu, akamng'ata sikio. Stane alimleta nchi kavu hivyohivyo, meno yakiwa bado sikioni, huku akimwambia kwa Kislovenia, lugha ambayo mtoto hakujua hata neno moja, "Haya, haya, ng'ata tu, kipenzi, mimi nina mawili." Vijana wakamtoa mama.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Stane mwenyewe. Tukawapeleka jikoni kwa mama yake, Pepca, yule aliyekuwa anaweka kiti mlangoni. Tulisimama kizingitini tukidondosha maji, hakuna aliyejua aanzeje. Pepca alimtazama mtoto, akaiona miguu iliyogeuka rangi ya zambarau.

"Mnasimama mnaangalia nini?" alisema. "Funga mlango, Stane, joto linatoka! Leteni hiyo miguu hapa." Akaketi chini kwenye zulia, kwa umri ule, akaiweka miguu ya mtoto tumboni mwake, ndani ya sweta.

Yule mama jina lake ni Nasrin na binti yake ni Hosna. Wanatoka mji wa Herat, mbali mashariki. Hayo tuliyajua kwa kunyoosheana vidole vifuani.

Polisi wawili walifika mchana, wachovu na wametapakaa tope. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja, kijana sana, alianza kumweleza Nasrin kwa ishara kwamba watapelekwa darajani, warudishwe ng'ambo. Nasrin akasema neno moja, na akalisema mara kadhaa. Kila mtu jikoni alijifanya anashughulika na jambo jingine, isipokuwa Darinka, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na blanketi begani.

"Kijana wangu," alimwambia yule polisi, "huyu mama amesema kitu. Amesema nini?"

"Bibi, sisi tuna utaratibu wetu."

"Najua. Hata mimi ninao wangu. Nakuomba tu urudie alichosema."

Polisi alimtazama mwenzake. Pale jikoni palikuwa na Pepca, mimi, vijana wa zimamoto na Stane aliyefungwa mkono kwa taulo la jikoni, na sote tulikuwa tunamngoja.

"Amesema azil," alisema polisi yule.

"Yaani?"

"Anaomba hifadhi."

"Umemrudia sawasawa. Asante, mwanangu."

Likishasemwa mbele ya watu wote wale, halikuweza tena kuwa halikusemwa. Wakaandika. Nasrin na Hosna hawakupelekwa darajani. Walipelekwa mji mkuu, Ljubljana, kwenye nyumba ya wanaosubiri uamuzi.

Ua ulizibwa kabla juma halijaisha. Na ndani ya mwezi barua ilifika kutoka juu: nani aliamuru mali ya serikali ikatwe? Darinka alijibu kwa sentensi moja kuwa ni yeye. Ikawa shauri. Baraza la halmashauri lilitakiwa liamue kama linasimama naye au linasema alitenda kwa hiari yake, na hapo angeweza kupoteza kazi. Meya wetu wa wakati ule, kwa busara au kwa woga, aliamua kwanza awasikilize wananchi.

Huo ndio mkutano pekee wa Lipovac ambao Darinka hakuuongoza. Alikaa benchi la mbele kama mwananchi yeyote, mikono mapajani. Nje kulikuwa na watu wa Anica wenye mabango. Walikuwa wamemfanya shujaa wao, na Anica alipopewa nafasi alimgeukia kwa macho yenye machozi.

"Darinka, miaka yote hii hujatuambia uko upande gani. Sasa umeukata ua kwa mikono yako. Sema basi hadharani kwamba uko pamoja nasi!"

Watu walishangilia. Darinka alisimama, akangoja watulie.

"Anica ameuliza niko upande gani, na anafikiri kuukata waya kumejibu. Sawasawa?"

"Sawasawa!"

"Ua ulipowekwa nililia bafuni, maji ya bomba yakiwa wazi, ili Jure asinisikie. Nina mama kule. Kwa hiyo moyo wangu sasa mnaujua, na kama mlidhani sina, samahani. Lakini kila asubuhi nimekuja hapa nikawapangia viti nyinyi nyote, wanaoutaka ua na wasioutaka, kwa sababu Pepca naye alikuwa hapati usingizi, na hilo halikuwa uongo. Siku ile mtoni sikupiga kura, Anica. Kulikuwa na mtoto, na maji yalikuwa yanapanda. Usinifanye bango lako. Nikishakuwa bango, Stane atakuja kulalamika kwa nani?"

Ndipo Stane akainuka, na kovu lake jipya. Bila kukumbushwa akarudia alichosema Darinka, neno kwa neno karibu yote, mpaka lile la bafuni, na hapo akakwama kidogo.

"Mimi sijabadilika," alisema. "Bado nautaka ua. Nchi isiyojua nani anaingia si nchi, ndivyo ninavyoona, na msinipigie kelele. Na nasema pia kwamba aliyekata ni mimi, mkasi ulikuwa wangu, na maji yakipanda tena kesho nitakata tena. Kama hayo mawili hayaendi pamoja kichwani mwenu, kichwani mwangu yanaenda. Atakayemfukuza huyu mama kazi anifukuze na mimi zimamoto, halafu mtafute wa kuzima moto wenu." Akataka kukaa, akasimama tena. "Na lile nililosema Novemba. La ng'ambo. Lilikuwa la kijinga."

Baraza lilisimama naye. Wizara ilimpa onyo na kumwondoa kwenye kamati ya maafa kwa mwaka mmoja, akalipokea bila kununa. Katika mkutano uliofuata, Stane na Anica, ambao tangu Novemba hawakuwa wamesalimiana, waliwasilisha ombi moja kwa pamoja: mageti yote ya ua yahamishiwe juu, mahali ambapo mafuriko hayafiki, na kila kijiji kiwe na ufunguo. Waligombana hata katika kuliwasilisha, lakini waliliwasilisha, nalo likakubaliwa. Tangu hapo hakuna mtu aliyenaswa kati ya mto na waya katika eneo letu. Hayo ndiyo mafanikio ambayo Darinka hutaja mtu akimuuliza. Kwa mengine hucheka tu.

Mama yake alifariki masika ya mwaka uliofuata. Darinka aliwahi kufika, kupitia darajani, na alikuwa amemshika mkono. Siku ya mazishi, Anica na dada yake walisimama kila mmoja ukingoni kwake na maua yaleyale. Wana zimamoto wa Lipovac walizunguka na gari lao kwenda kubeba jeneza upande wa pili, Stane akiwa mbele kulia.

Waya uliondolewa miaka michache baadaye, wakati wa serikali nyingine. Hapo napo palihitajika mkutano, maana walikuwepo waliosema tutajuta, na walikuwepo waliotaka nguzo ziyeyushwe zitengenezwe kengele. Darinka aliwasikiliza wote, na nguzo zikaishia kwenye mashamba ya mizabibu, ambako zinafaa sana. Mjadala wenyewe haujaisha. Polisi wamerudi darajani, magazeti bado yanapigizana kelele, na vijana wanaorithi ukumbi ule wana hoja kali kuliko baba zao. Tunachoweza kusema ni kwamba Podlipa watu wanarudia kwanza kabla ya kujibu, na wageni wanaokuja kwenye mikutano yetu hutushangaa kwa hilo.

Nasrin na Hosna walipata kibali cha kukaa baada ya kusubiri muda mrefu uliowachosha. Wanaishi Maribor. Nasrin ni mshonaji, na Hosna, ambaye sasa ni msichana mrefu kuliko mama yake, anazungumza Kislovenia cha huko kaskazini mpaka sisi wa Kolpa tunamcheka. Kila Agosti huja kwa mapumziko kwa akina Matkovič. Pepca aliishi kuwaona wakija mara nne. Alikuwa ameacha kuweka kiti mlangoni, ingawa, kama Stane anavyopenda kusisitiza, mlango aliufunga kwa ufunguo mpaka mwisho.

Julai Darinka na Jure wanahamia Bukovac, kwenye nyumba ya marehemu mama. Wamekwishapaka chokaa na kubadilisha vigae. Nilipomtembelea Stane kumuuliza kama angependa kuandika neno la kuaga katika jarida hili, alikuwa anafunga kamba kwenye trela lake, kabati la vyombo la Darinka likiwa juu yake, tayari kwa safari ya ng'ambo.

"Mimi si mwandishi," alisema. "Andika tu kwamba sijabadilisha mawazo. Na kwamba Jumapili chakula cha mchana tunamngoja yeye na Jure hapa kwetu, kama kawaida, asijifanye amehamia mbali."

Nimeandika.

Bi. Darinka, wafanyakazi wenzako wa Halmashauri ya Podlipa tunakushukuru kwa kila kiti ulichotupangia na kila neno letu ulilotulazimisha kulisikia mara mbili. Afya iwe nawe, Jure asishushe kodiani, na mto uendelee kuvukika. Ishi vizuri, dada yetu, na uzee wako uwe mwepesi.

Rajko Plut, dereva, kwa niaba ya wafanyakazi wote